Siku Orodha Inapoandikwa

Katika miaka yangu ya kazi ya utumishi nimekaa mara nne kwenye chumba ambamo orodha ya watu wa kupunguzwa inaandikwa. Mara zote ilikuwa jioni, wafanyakazi wameshaondoka, na mezani kulikuwa na karatasi zilezile: majina ya waajiriwa wote, tarehe walizoanza kazi, mishahara yao, na idadi ya watu ambao kampuni ilikuwa imeamua haiwezi kuendelea kuwalipa. Mara ya kwanza nilikuwa kijana, kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za kikao. Nilitegemea mabishano makubwa. Nilichokikuta ni wakuu wa idara wakipita jina moja baada ya jingine kwa sauti ya chini, na kila jina likiulizwa swali lilelile: huyu akiondoka, kitasimama nini?

Kuna majina ambayo hayakuchukua hata nusu dakika. Mkuu wa idara alisema, "Huyo hapana, bila yeye mizigo yetu bandarini haitoki," wakaendelea na jina lililofuata. Majina mengine yalipotajwa watu walinyamaza, na ukimya huo ndio uliowaondoa wenye majina hayo. Hakuna aliyewasema vibaya. Waliosemwa vibaya walikuwa wachache, na baadhi yao walibaki, maana hata aliyekuwa akiwalalamikia alijua wanafanya nini. Wengi waliotoka ni wale ambao hakuna mtu mezani aliyekuwa na la kusema juu yao.

Hao ndio ninaowaandikia leo. Walikuwa wakifika kazini kabla ya saa mbili asubuhi kila siku. Hawakuwahi kupewa barua ya kujieleza. Waliamini kwamba anayefanya kazi kwa bidii, akanyamaza, hawezi kumwaga unga. Tumelelewa na imani hiyo majumbani na shuleni, na mimi mwenyewe niliishika kwa miaka mingi. Sasa nasema wazi kwamba inawaumiza watu wema.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi hudhani mwajiri anapopunguza watu anaweza kumtoa yeyote amtakaye. Hawezi. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe juu ya namna ya kuepuka hatua hiyo, namna ya kuchagua watakaotoka, muda, na malipo ya kiinua mgongo. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria hiyo zinataja urefu wa utumishi miongoni mwa vigezo vinavyokubalika, na zinataja pia haja ya kubaki na watu wenye uzoefu na ujuzi maalumu. Nchini Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri azingatie mtu amekaa kazini muda gani, na tena azingatie ujuzi wake, uwezo wake na kutegemeka kwake.

Somo lililomo humo ni kubwa. Wazee wetu walizoea kanuni ya aliyeingia mwisho atoke kwanza, na wengi bado wanadhani miaka mingi kazini ni ngao ya kutosha. Miaka inahesabiwa, lakini sheria zenyewe zimeweka ujuzi kando yake. Tena kati ya hivyo viwili, miaka ndiyo rahisi kuthibitisha: tarehe imo kwenye faili. Ujuzi hauna tarehe. Ujuzi unahitaji mtu wa kuushuhudia, na pale mezani shahidi ni kumbukumbu ya watu waliochoka, saa kumi na mbili jioni, wenye majina mia moja na ishirini mbele yao.

Ndiyo maana namuuliza kila anayekuja kwangu kwa ushauri: ukitajwa jina lako leo katika kikao ambacho wewe humo, nani atafungua mdomo, na atasema nini?

Nilijifunza uzito wa swali hili kwa mama mmoja aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha Dar es Salaam. Stoo yake ilikuwa ya vipuri: feni belti, beringi, mota, vali, maboksi ya nati yaliyorundikwa hadi juu. Hakuwa na elimu ya juu. Kila Ijumaa mchana aliandika nusu ukurasa, kwa mkono kwanza, baadaye kwa kompyuta. Sehemu ya kwanza iliorodhesha vitu ambavyo vingeisha ndani ya mwezi mmoja kwa kasi ya matumizi ya wakati ule. Sehemu ya pili iliorodhesha vitu ambavyo vilikuwa vimelala rafuni zaidi ya mwaka bila mtu kuvigusa, pamoja na bei vilivyonunuliwa. Nakala moja alimpa fundi mkuu, nyingine mhasibu, nyingine meneja wa uzalishaji. Hakuna aliyemwagiza.

Fikiria nusu ukurasa ule ulifanya nini. Fundi mkuu aliacha kusimamisha mashine kwa kukosa kipuri cha elfu thelathini. Mhasibu aliona fedha za kampuni zimelala rafuni, akapata hoja ya kuzuia manunuzi yasiyo na maana. Meneja alipanga matengenezo kabla ya kuharibikiwa. Orodha ilipokuja kuandikwa, kulikuwa na pendekezo la kuunganisha stoo mbili na kumpunguza mtunza stoo mmoja. Jina lake lilipotajwa walizungumza watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa bosi wake. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikufundishwa chuoni: mkuu wa idara anapomtetea mtu wake, wenzake wanamsikia kama mtu anayeilinda idara yake. Mkuu wa idara nyingine anapomtetea mtu asiye wake, wote wanainua vichwa.

Kwa hiyo ukitaka kujua umesimama wapi, usiangalie tu kama bosi wako anakupenda. Angalia kama kuna mtu nje ya idara yako ambaye kazi yake inakuwa rahisi kwa sababu yako, na kama yeye mwenyewe anajua hivyo. Karani wa malipo ambaye anamwarifu afisa masoko mapema kuwa mteja fulani amechelewa kulipa, ili asimpelekee mzigo mwingine, ameshapata shahidi. Dereva anayerudi na kumweleza msimamizi wa ghala kuwa katoni za aina fulani zinafika Mbeya zimepasuka kwa sababu zinapangwa chini, ameokoa fedha kwa sentensi moja. Haya ni mambo madogo, na mengi hayamo kwenye maelezo ya kazi ya mtu. Lakini yanahitaji kitu ambacho wengi wetu hatukijui, nacho ni njia ambayo fedha inapita mpaka ikawa mshahara wetu. Nimewauliza waajiriwa watu wazima, wenye shahada, kampuni yenu inapata faida kwenye bidhaa ipi? Wengi hawajui. Mtu asiyejua fedha inaingilia wapi hawezi kujua kazi yake inagusa nini, na hawezi kuieleza.

Kueleza kazi yako si kujisifu. Najua jambo hili ni gumu kwetu. Anayejitaja huonekana ana kiburi, na ofisi zetu zina maneno makali kwa mtu wa namna hiyo. Yule mama hakujisifu hata siku moja. Aliandika vipuri. Sifa zilikuwa ndani ya tarakimu. Anayeweza kuandika kila mwisho wa mwezi mistari mitano ya alichokamilisha, kwa idadi na tarehe, akaituma kwa msimamizi wake na kubaki na nakala, ana faili ambalo wenzake wengi hawana. Katika utumishi wa umma Tanzania jambo hili limeshakuwa la lazima. Ule mfumo wa OPRAS wa kupima utendaji, ambao watu walizoea kujaza fomu zake mara moja kwa mwaka na mara nyingi siku ya mwisho, umepisha PEPMIS, ambamo mtumishi anaingiza kazi zake kwenye mtandao na msimamizi anazipima kadiri mwaka unavyokwenda. Nimesikia malalamiko mengi juu ya PEPMIS, na mengine ni ya haki, hasa kwa walimu wa vijijini wenye shida ya mtandao. Hata hivyo namshauri mtumishi aujaze kwa uangalifu uleule anaoutumia kuhesabu mshahara wake, kwa sababu ndiyo kumbukumbu itakayosomwa na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Sasa nizungumzie kosa ambalo nimeliona kwa mafundi hodari kuliko wote, maana linatokana na akili na si uvivu. Ni kuficha ujuzi.

Katika kiwanda kingine, ambacho sitakitaja, kulikuwa na fundi wa mashine ya kufungashia. Mashine ilitoka ng'ambo na yeye peke yake ndiye aliyeijua. Kitabu cha maelekezo alikipeleka nyumbani. Alipokuwa akirekebisha mashine aliwafukuza vijana wasitazame, na vipimo vyote alivibeba kichwani. Alijiona salama kabisa, na kwa miaka sita alikuwa salama kweli. Akafiwa na mzazi kijijini, akaenda kuzika, mashine ikasimama siku mbili. Aliporudi alikuta maneno ya pole na hakuna aliyemlaumu. Lakini ndani ya mwezi mmoja uongozi ulisaini mkataba wa matengenezo na wakala wa watengenezaji wa mashine, na vijana wawili wakapelekwa mafunzo. Miezi kumi baadaye orodha iliandikwa, na jina lake lilikuwa la pili kutoka juu.

Nilikuwepo. Hakuna aliyemchukia. Wakubwa walikuwa wameogopa, na mtu aliyekuogopesha mara moja unatafuta namna ya kutomhitaji tena. Kuna hasara nyingine aliyoipata kabla ya hapo bila kujua. Miaka miwili nyuma nafasi ya msimamizi wa mafundi ilikuwa wazi, na jina lake likatajwa wa kwanza. Likaachwa kwa sababu moja: akipanda, nani atashika mashine?

Ninapowaambia watu wafundishe wenzao, hunijibu kwa hofu ambayo siidharau: nikimfundisha kijana, watamweka yeye kwa nusu ya mshahara wangu. Limewahi kutokea, nimeliona, na mwajiri anayefanya hivyo anafanya jambo baya. Lakini nimewaona wengi zaidi wakiondoka kwa kushika ujuzi peke yao kuliko kwa kuutoa. Anayefundisha afanye hivyo kwa njia inayoonekana. Aandike utaratibu wa kazi hatua kwa hatua, aweke jina lake na tarehe chini yake, aukabidhi kwa msimamizi. Aombe rasmi kuwa ndiye mwenye dhamana ya mafunzo ya wapya. Vijana waliopita mikononi mwake wakitawanyika idara mbalimbali, atakuwa na mashahidi kila kona. Na kazi ya kusimamia ikipatikana, hakuna atakayeuliza nani atashika mashine.

Kuna wanaotegemea mtu mkubwa. Nitapita hapa haraka. Bosi wako akiwa ndiye kinga yako pekee, kinga hiyo ina tarehe ya kuhamishwa. Mkurugenzi mpya akiingia, jambo la kwanza analosikia ni nani walikuwa watu wa yule aliyeondoka. Heshimu kila bosi, mtumikie kwa uaminifu, na usiwe mtu wa yeyote.

Ujuzi nao huoza, na huoza bila kutoa harufu. Waliokuwa kazini Tanzania miaka ya 1990 wanakumbuka enzi ambazo kazi ya shirika la umma ilihesabiwa kuwa ya maisha, kisha mashirika yakaanza kubinafsishwa na Benki ya Taifa ya Biashara yenyewe ikagawanywa mwaka 1997. Watu wenye miaka ishirini kazini walijikuta wanaulizwa kama wanajua kompyuta. Kizazi kilichofuata kimeliona jambo hilohilo kwenye dirisha la benki. Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, Vodacom ikaileta Tanzania mwaka uliofuata, mawakala wa benki nao wakaenea mitaani. Karani aliyekuwa akihesabu noti siku nzima akaona foleni yake inapungua mwaka hadi mwaka. Kenya, sheria ya kudhibiti riba ilipoanza kutumika Septemba 2016 na faida ikabanwa, benki kadhaa zilipunguza wafanyakazi na kufunga matawi, na simu zilikuwa zimeshaandaa njia. Wapo makarani walioliona mapema. Walihamia kusimamia mawakala, au mikopo ya wafanyabiashara wadogo, au ukaguzi, wakati foleni bado ilikuwa ndefu na hakuna aliyewalazimisha.

Mfano ninaoupenda ni wa karibuni zaidi. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilihamisha zabuni zake kutoka mfumo wa TANePS kwenda mfumo mpya wa NeST. Kwa kampuni ndogo ya ujenzi au ya ugavi inayoishi kwa zabuni za halmashauri, hilo lilikuwa suala la uhai: asiyejua kujisajili na kuwasilisha zabuni ndani ya mfumo hana kazi, hata akiwa na mafundi bora mkoani. Namfahamu msichana wa mapokezi katika kampuni ya aina hiyo aliyejitolea kukaa na mfumo ule usiku, akausoma, akakosea, akarudia. Leo hapokei tena wageni mlangoni. Hakurudi chuo kwanza. Aliona kitu kipya ambacho kampuni ilikuwa inakihitaji na ambacho wakubwa wake walikuwa wanakiogopa, akakishika kabla ya wengine. Kila mwaka kazini kuna kitu cha namna hiyo: mashine mpya, fomu mpya ya TRA, programu mpya ya hesabu. Watu wengi hungoja waitwe semina.

Sambamba na hayo, jenga sifa ambazo ni mali yako na si za mwajiri. Mhasibu aliyepita mitihani ya NBAA, mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, fundi umeme mwenye cheti cha VETA na leseni, wanaondoka mlangoni na kitu mkononi. Lakini kiwe cha kweli. Aprili 2017 ripoti ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Miongoni mwao walikuwemo watu waliofanya kazi zao vizuri kwa miaka mingi, na wagonjwa wao na wanafunzi wao wangeweza kuwashuhudia. Kitumbua kiliingia mchanga kwa karatasi ya zamani. Kwa aliye na kasoro ya aina hiyo, utendaji mzuri hauna nguvu ya kumwokoa.

Nimesema mengi juu ya namna ya kubaki. Sina budi kusema ukweli mwingine: mfanyakazi bora naye hupoteza kazi. Mgodi unafungwa, mfadhili anaondoka na mradi wake, tajiri anafariki na warithi wanagombana. Hakuna nusu ukurasa wa Ijumaa unaozuia hilo. Kwa hiyo usalama wa kazi una nusu ya pili, ambayo ni kujiandaa kwa siku utakayotoka, na ajabu ni kwamba waliojiandaa vizuri kutoka ndio hufanya kazi kwa utulivu zaidi, bila kujipendekeza na bila kutetemeka.

Anza na mkataba. Kila mara nikifanya semina nawauliza waliohudhuria, nani ana nakala ya mkataba wake nyumbani? Mikono inayoinuka ni michache mno. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, na mkataba wa anayelipwa kwa mwezi una notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo cha kisheria Tanzania Bara ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10. Kenya, anayepunguzwa analipwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka. Piga hesabu yako mwenyewe kwa kalamu. Mtu mwenye miaka minane kazini, kwa kipimo cha chini cha Tanzania, anaondoka na mshahara wa siku 56. Hesabu hiyo ikikutisha, imefanya kazi yake: fungua akaunti ya akiba SACCOS mwezi huu.

Kisha angalia michango yako ya hifadhi ya jamii. Waajiri wapo wanaokata fedha kwenye mshahara na wasiipeleke NSSF, na mfanyakazi hugundua siku anayodai mafao. Huo ni wizi, na dawa yake ni kukagua taarifa ya michango yako angalau mara mbili kwa mwaka na kulalamika ukiwa bado kazini, ukiwa na wenzako, kupitia chama cha wafanyakazi kama kipo.

Na ukipewa barua ya kujieleza, usiijibu kwa hasira ya siku hiyohiyo. Soma, tafuta ushahidi wako, jibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, kanuni za Tanzania Bara zinakupa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na haki ya kwenda na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Hapo ndipo ile mistari mitano ya kila mwezi uliyoituma kwa msimamizi itakapogeuka kuwa ushahidi.

Ukiachishwa Tanzania Bara na ukaona hukutendewa haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndiko pa kwenda. Shauri linaanza na usuluhishi, na huhitaji wakili ili kulifungua. Nimewaona watu wenye haki kabisa wakirudishwa pale kwa sababu walikaa nyumbani wakingoja meneja awapigie simu kama alivyoahidi. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufikishwa ndani ya siku 30, na zinaanza kuhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa.